Jodari wa kopo kwa sandwichi za watoto wadogo

Dukani, chagua kopo la jodari aliyehifadhiwa kwenye maji. Wa maji ya chumvi ni mkali mno kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, na wa mafuta hulowesha mkate ukamegeka mkononi. Mkamue kwenye chujio mpaka asidondoshe tena; hapa ndipo wengi hukosea. Udhaifu wake ni ukavu, na parachichi huumaliza vizuri kuliko mayonezi: vijiko 3 vya samaki, kijiko 1 cha parachichi, matone ya ndimu. Ponda kwa uma mpaka mabonge yaishe. Paka safu nyembamba, ondoa kingo za mkate, kata vipande vya upana wa kidole. Jodari ana zebaki, metali yenye sumu, hivyo mara moja kwa wiki inatosha.