Spea za Buffalo DHC-5D kwa dalali: uzoefu wangu

Kiwanda cha de Havilland Canada kiliacha kuunda Buffalo, ndege ya mizigo, mwaka 1986. Anayetunza DHC-5D, ndege iliyotumiwa na majeshi ya Kenya na Tanzania pia, ana njia mbili za kupata spea: Viking Air, walionunua haki za muundo wake mwaka 2006 na sasa wanaitwa De Havilland Aircraft of Canada, au madalali wa akiba za zamani Amerika Kaskazini. Mimi nimenunua kwa dalali.

Majibu yake ni ya haraka, mradi umpe namba ya NATO ya kipande (namba ya orodha ya vifaa vya kijeshi) kamili, tarakimu 13. Nne za mwanzo ni kundi: 1620 ni miguu ya ndege, 1630 magurudumu na breki, 1650 haidroliki. Mbili zinazofuata ni nchi: 21 Kanada, 00 na 01 Marekani. Hata hivyo usiagize bila namba ya mtengenezaji pamoja na kile kistari cha mwisho na tarakimu zinazokifuata. Kipande cha -1 na cha -3 huweza kufanana kwa macho, kisha kimoja kikakataa kukaa.

Kwenye injini kuwa makini zaidi. Buffalo inatumia CT64-820-4, toleo la injini ya T64, na ndugu zake wamo kwenye helikopta za CH-53 na ndege za G.222, ndiyo maana spea bado zipo sokoni. Lakini T64 ya helikopta haina giaboksi ya propela. Dalali alininukulia bei ya "T64" tu. Nikamtaka modeli kamili na historia ya kila diski (sahani inayozunguka ndani ya injini ikibeba mapanga) tangu ilipotoka kiwandani. Diski isiyo na historia hiyo haifungwi, hata iwe inang'aa.

Soma kisanduku namba 11 cha Fomu 8130-3, cheti cha kipande cha mamlaka ya anga ya Marekani. "Inspected" maana yake kimekaguliwa tu; "Overhauled" kimefunguliwa, kimepimwa na vilivyochakaa vimebadilishwa. Breki niliyouziwa kwa bei ya ovahoo ilikuja na neno la kwanza. Bei ilishushwa baada ya kubishana sana.

Kilichoniudhi ni sili, yaani vizuizi vya kuvuja. Pete za raba za haidroliki, namba MS28775, zilifika kwenye bahasha safi, lebo ikisema 3Q06, yaani zilitengenezwa robo ya tatu ya 2006. Raba ya naitraili, kama ya pete hizo, huwekwa stoo miaka 15 tu, na muda huo ulikuwa umepita. Ikizeeka hukakamaa: ndege ikiwa hangani kwenye joto, mfumo hauvuji, ikipanda kwenye baridi, mafuta yanavuja. Fedha zilirudishwa, nauli ya mzigo ikabaki juu yangu.

Vibali vya kusafirisha vinataka cheti cha mtumiaji wa mwisho. Kianzishe kabla ya kulipa, maana bila hicho mzigo hauondoki.

Kwa rimu, diski za breki na vipande vya bodi nitarudi kwake. Sili na hozi nanunua mpya, zenye tarehe ya karibuni.