Darasa la kusoma chapa za ukarabati kwenye bunduki kongwe, Mji wa Kale, Mombasa

Kwa yeyote hapa Pwani anayependa historia ya kijeshi, darasa la Jumamosi alasiri linalofundishwa na fundi mstaafu wa silaha, katika chumba cha ghorofani si mbali na Ndia Kuu, ni huduma ninayoipendekeza kwa dhati, ingawa ina upungufu nitakaoueleza. Hakuna bunduki inayoletwa darasani, na kwa sheria za silaha za Kenya ndivyo inavyopasa. Wanafunzi husomea picha kubwa, pamoja na nakala za chapa, yaani alama zilizogongwa kwenye chuma cha bunduki, zilizochukuliwa kwa karatasi na penseli.

Muda mwingi hutumika kwa Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza. Uamuzi huo ni wa busara, kwa kuwa ndiyo bunduki waliyoibeba askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, na toleo lake la baadaye, No. 4, ambalo wengi wetu tunaliita Mark Four, liliendelea kuonekana mabegani mwa polisi wa akiba miaka mingi baada ya uhuru. Mwalimu huanza na herufi F.T.R. (Factory Thorough Repair, yaani ukarabati kamili wa kiwandani), ambazo kwa kawaida hugongwa upande wa kushoto wa mwili wa bunduki na kufuatwa na mwaka. Maana yake ni kwamba bunduki ilirudishwa kiwandani, kwa mfano Fazakerley karibu na Liverpool, ikafunguliwa yote, sehemu zilizochakaa zikabadilishwa, kisha ikakaguliwa upya kabla ya kurejeshwa jeshini. Kwa hiyo anayeona F.T.R. 1953 asidhani ameona mwaka wa kutengenezwa. Huenda bunduki hiyo ilitoka kiwandani mara ya kwanza wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Sehemu iliyonifaidi zaidi ilihusu chapa zinazobadilisha jina la bunduki yenyewe. Katika ukarabati wa aina hiyo No. 4 ya namna ya kwanza, Mk I, iligeuzwa kuwa Mk I/2, na Mk I* ikawa Mk I/3, kwa sababu kifyatulio cha awali kilishikizwa kwenye kikinga chake, nacho kikinga kilifungwa kwenye mbao, na mbao zikivimba au kusinyaa uzito wa kukivuta hubadilika. Dawa ikawa kukishikiza kifyatulio kwenye chuma cha mwili. Mkaazi wa Mombasa ambaye mlango wake hukwama kila masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya hapo hufuata nambari zilizokatwa kwa mstari na kugongwa nyingine pembeni, dalili kwamba bolti, yaani chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, ilitoka kwenye bunduki nyingine ikalinganishwa na hii. Huelezwa pia herufi DP (Drill Purpose), zinazoonya kuwa silaha imebaki kuwa ya gwaride tu na haifai kufyatuliwa, na mishale miwili inayokutana ncha kwa ncha, alama ya mali iliyouzwa nje ya jeshi. Mwalimu hakubali chapa moja isomwe peke yake: humpa mwanafunzi picha yenye mwaka wa 1942, F.T.R. ya 1950 na DP, kisha humtaka aeleze kwa maandishi ni ipi iliyotangulia na kwa nini. Zoezi hilo pekee lingetosha kuhalalisha ada, ambayo hulipwa kwa M-Pesa. Vilevile hutenganisha vizuri chapa za ukarabati na zile za majaribio ya usalama zilizogongwa Birmingham bunduki zilipouzwa kwa raia, kwani wengi huzichanganya.

Upungufu uko mwishoni. Herufi TRZ za karakana za Yugoslavia, na mraba wenye mstari wa mshazari unaoonekana kwenye bunduki za Kisovieti zilizokarabatiwa, vilipitiwa mbio mbio, ilhali vingestahili kipindi chao. Karatasi tunazopewa kwenda nazo nyumbani nazo zina picha hafifu kiasi kwamba chapa ndogo hazisomeki, na katika somo linalotegemea macho hilo si dogo. Anayekusudia kuhudhuria aje na kioo cha kukuzia na aombe nakala za picha kwa simu, ambazo mwalimu huzituma bila ada ya ziada.