Jiko la Machame: tathmini ya chakula cha kupandia Kilimanjaro

Watu wakitathmini kampuni za kupandisha Kilimanjaro huanza na mahema, waongozaji na bei. Mimi naanza na jiko, maana ndilo lililonifikisha kilele cha Uhuru.

Tulipanda Februari kwa njia ya Machame, kundi la wauguzi kutoka Tanga, na kampuni moja ya pale Moshi. Kambi ya kwanza, bado tuko msituni, wali na maharage viliisha na sahani zikarudi tupu. Kambi ya pili, Shira, meza ikaanza kupoa. Tulipofika kambi ya Barranco, baada ya kupita mwamba wa Lava Tower kwenye mita 4,600 hivi, nilitia kijiko cha wali mdomoni nikatafuna weee, hakimezeki. Kichefuchefu sina, kichwa hakiniumi, nimetembea tangu asubuhi, na njaa haipo kabisa.

Mpishi wetu, Mchaga wa makamo, hakushangaa. Aliondoa wali, akaleta mtori kwenye vikombe: mwepesi, ndizi zimepondwa zikalainika, mchuzi wa nyama, chumvi imekolea. "Dada, huku juu hatuisubiri njaa. Kunywa nusu, nitarudi." Akarudi kweli, na bisi za moto. Baadaye uji wa ulezi wenye karanga. Kidogo kidogo, mpaka kila mmoja akawa ameshiba bila kujua.

Yule mzee anajua kwa uzoefu jambo ambalo maabara zimelipima. Tumbo hutoa homoni ya grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, ambayo huubishia hodi ubongo kwamba chakula kinatakiwa. Oksijeni ikipungua, ile grelini inayofanya kazi hushuka kwenye damu. Kuna pia leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman kule New York. Hiyo hutoka kwenye seli za mafuta na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Seli za mafuta zikinyimwa oksijeni maabarani huitengeneza zaidi, ila kwa wapanda milima wenyewe vipimo vimepishana, kwa kuwa anayekula kidogo na kukonda leptini yake nayo hupungua.

Kwa hiyo anayeniambia kukosa njaa huku juu ni uchovu na baridi tu, sikubaliani naye. Mwaka 1985, Marekani, katika jaribio la Operation Everest II, wanaume walikaa kwenye chumba ambacho hewa yake ilipunguzwa taratibu kwa siku 40 mpaka ikafanana na ya kilele cha Everest. Baridi hakuna, mizigo hakuna, chakula kizuri tele. Ulaji wao ulishuka kwa zaidi ya asilimia 40, na waliofika mwisho walipungua wastani wa zaidi ya kilo 7.

Sasa kasoro. Siku ya Lava Tower, siku ngumu kuliko zote kwa tumbo, tulipewa boksi la mchana lenye paja la kuku wa kukaanga na chipsi zilizokwishaganda mafuta. Karibu yote yalirudi. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na pale juu tumbo halina haraka. Termosi ya supu, viazi vya kuchemsha na ndizi mbivu vingetosha, na nina hakika mpishi hakuulizwa. Maboksi yale yalipangwa ofisini.

Usiku wa kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, walifanya vizuri tena: chai ya tangawizi yenye sukari nyingi na biskuti kabla ya kuanza safari ya kilele, mita 5,895, ambako oksijeni ya kila pumzi ni kama nusu ya ile ya Tanga.

Unapolipia, uliza pia wagumu, yaani wabeba mizigo, wanakula mara ngapi kwa siku. Wetu walipata ugali na dagaa asubuhi na jioni. Kwa mtu aliyebeba mtungi wa gesi mgongoni, hapo katikati panahitaji kitu.

Jiko nalipa nyota tano. Boksi la mchana, mbili. Likirekebishwa, wenzangu wa wodini wanaotaka kupanda Septemba nitawaelekeza hapo hapo.