Kodi za ICD-10 ama familia ya kirusi: ensefalitisi ya mbu upange aje?

Watu wa rekodi na watu wa maabara hapa Nairobi hawatawahi kubaliana hii maneno, juu kila mtu ana njia yake.

ICD-10 ya WHO, ile orodha ya kodi za magonjwa, inauliza nani alileta hiyo ensefalitisi, yaani uvimbe wa ubongo. Mbu ni A83, kupe ni A84, basi. Ya Japani ni A83.0, ile ya farasi ya mashariki A83.2, St. Louis A83.3, California A83.5. Kujaza fomu ni haraka, sikatai. Lakini sasa West Nile, inaletwa na mbu wa Culex na inaweza kupiga ubongo vibaya sana, wakaitupa huko A92.3, kwa homa zingine za mbu, na homa yetu ya Bonde la Ufa, ile ilitambuliwa kwa kondoo upande wa Naivasha, iko A92.4. Hapo mimi huona walichoka tu.

Maabara haina shida na mbu, inaangalia kirusi chenyewe. Ya Japani, St. Louis na West Nile zote ni flavivirusi, ndugu za dengi na homa ya manjano, ndio maana kipimo cha antibodi cha moja kinaweza kudanganywa na ingine, na kodi haiwezi kukwambia hivyo hata uikodolee macho aje. Ya farasi ni alfavirusi, upande wa chikungunya. California ni bunyavirusi, kundi ingine tena.

Mimi niko na maabara. ICD iwachiwe ripoti za mwisho wa mwezi, na kama majibu hayajarudi andika A83.9, hiyo ni ya mbu wasiojulikana walileta nini.