ns-3 kwa wapangaji wa Wi-Fi: namba zake zisomwe vipi?

Nimeitumia ns-3, programu ya kuigiza mitandao ndani ya kompyuta, kupanga mtandao wa Wi-Fi wa nyumba ya wageni ya ghorofa tatu huku Mji wa Kale, Mombasa, na ninachotaka kukipima hapa ni jinsi inavyotoa nguvu ya ishara inayopokelewa, maana hapo ndipo wengi wanapopotoka. Programu ni ya bure na imeandikwa kwa C++.

Majibu huja kwa dBm, yaani desibeli zilizopimwa dhidi ya miliwati moja, kwa hiyo karibu yote ni hasi: −70 ni kubwa kuliko −90, na desibeli 20 zilizo baina yake ni nguvu mara mia. Niliweka ruta na simu umbali wa mita 100, nikaacha mipangilio ya awali, ambayo hurusha kwa takriban dBm 16 na kupunguza ishara kwa logi ya umbali yenye kipeo cha 3 (kipeo ni namba inayoamua ishara inafifia kwa kasi gani kadiri umbali unavyoongezeka), nikapata −90.66. Nilipoweka modeli, yaani kanuni ya kukadiria upotevu wa ishara, iitwayo Friis, kwa masafa ya gigahezi 5.15, ambayo huchukulia kwamba kati ya antena mbili pana uwazi mtupu, nikapata −70.66. Ruta ni ile ile na umbali ni ule ule. Kilichobadilika ni dhana tu. Ikumbukwe pia kwamba kwa upana wa megahezi 20, kelele ya kipokezi hufika kama −94, kwa hiyo ile −90.66 inabakiza desibeli 3 tu, nazo hazitoshi kasi kubwa.

Wanaoanza wajihadhari pia na modeli inayogandisha nguvu ya kupokelewa: ukiwa nayo, hata uongeze nguvu ya kurusha au usogeze simu, namba haitikisiki, na hilo si hitilafu.

Upungufu ulionigusa zaidi ni kuta, kwani modeli hizo hazizioni kabisa. Kwa mita 10, kwa mipangilio ile ya awali, niliahidiwa −60.66, lakini katika chumba cha nyuma, nyuma ya kuta mbili nene za mawe ya matumbawe, simu ilisoma kati ya −75 na −80. Ipo moduli ya majengo, ila lazima uiunganishe mwenyewe.

Naipendekeza kwa dhati, hasa kwa wanafunzi, kwa sababu kila hesabu iko wazi kukaguliwa. Anayepanga nyumba za huku kwetu apime kwanza vyumba viwili vitatu kwa simu, kisha arekebishe kipeo kabla ya kununua ruta hata moja.