TAHADHARI: Muuzaji wa Parker 45 "za marehemu babu", Unguja na Pemba

Assalaam alaykum. Wapenzi wa kalamu za wino, kuna mtu anazunguka na picha za Parker 45, kalamu ya zamani ya wino ya kampuni ya Parker, na ameshawaingiza mjini watu kadhaa ninaowajua. Jina lake halina faida kulitaja, hulibadilisha kila akibadilisha laini. Mtambueni kwa maneno yake. Kalamu ni "ya marehemu babu, karani, aliyokuwa nayo tangu 1964". Ukiwa mjini Unguja, yeye yuko Wete, Pemba. Ukiwa Wete, yeye yuko mjini. Bei shilingi 40,000, nusu arubuni kwa simu, iliyobaki kalamu ikishuka botini.

Ujanja wote uko kwenye hiyo bei. Parker 45 haikuwa kalamu ya matajiri hata ilipokuwa mpya, kwa hiyo 40,000 haimshtui mtu. Na ukishaliwa 20,000 huendi polisi. Unaona haya, unanyamaza, naye anahamia kwa mwingine.

Wengi hawakupata kitu. Maalim mmoja wa Chake Chake alipelekewa kalamu kweli, akaniletea niitazame. Kifuniko ni cha Parker, kishikizo cha mshale kipo. Kiwiliwili ni cha kalamu nyingine kabisa, za kisasa za bei rahisi, hata kifuniko kinacheza kama jino la mtoto. Nikaifungua, nikatia katriji (kibomba cha wino cha kuchomeka) fupi ya kawaida, ikakaa sawasawa. Sasa Parker 45 haili katriji hiyo. Inataka ya Parker wenyewe au kipampu chao cha kuvutia wino. Nibu (ncha ya kuandikia) nayo: ya 45 ni ndogo, imefunikwa sehemu, na hufunguka kwa kuizungusha kwa vidole. Hii ilikuwa nibu pana iliyochomekwa tu. Akikwambia ni ya dhahabu, taka kuona maandishi ya 14K, maana nyingi zilitoka na nibu za chuma (na zinaandika vizuri tu, mimi siwaelewi wanaozidharau).

Kichekesho ni hicho kifuniko. Kina herufi L. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Parker waliweka alama ya mwaka kwa herufi za QUALITYPEN: Q ni 0, U ni 1, mpaka N ambayo ni 9. L ni 3, yaani 1983, 1993 au 2003. Huyo karani wa 1964 aliipata wapi? Kalamu za kabla ya hapo hazina alama hiyo, kwa hiyo kukosekana kwake si dalili ya ubovu.

Mwengine aliambiwa yake "imetoka kiwandani mwaka huu". Kalamu hii ilianza kuuzwa 1960 na ikasita kutengenezwa miaka ya 2000. Iliyolala dukani bila kutumika inaweza kupatikana. Ya mwaka huu haipo.

Picha anazotuma ni zilezile kwa kila mtu, kalamu juu ya kitambaa cha kijani. Mtakeni aipige upya, nibu ikiwa imefunguliwa, pembeni karatasi yenye jina lako lililoandikwa kwa kalamu hiyohiyo. Nilimtaka hivyo makusudi. Akasema kamera ya simu yake imekufa, kisha akanitumia picha nyengine ya kitambaa kilekile.

Anayeitafuta kweli aulize maduka ya zamani ya vifaa vya skuli na wazee waliostaafu maofisini. Ikibidi ivuke bahari, awepo mtu wako bandarini, Malindi (Unguja) au Mkoani (Pemba), aifungue na kuijaribu, ndipo pesa itoke.

Uliyekwisha mtumia, piga simu kampuni ya laini yako sasa hivi, huenda pesa hajaitoa. Ujumbe wake usiufute. Upeleke 15040, nambari ya kuripoti utapeli wa simu. Na kama unayo laini anayotumia wiki hii, niandikie faraghani, nina watu wa kuwaonya.