Bondi ya polisi ni bure jamani: huduma ya kituoni na ya mawakili wa msaada

Naandika hii kwa wenzangu wa Kisenyi, Katwe na kokote tunakofanya biashara hapa Kampala, maana siku yoyote unaweza kupigiwa simu usiku kwamba ndugu yako yuko selo, na bondi ndiyo ile dhamana ya polisi inayomtoa mtu kituoni kabla ya korti. Kituo sikitaji, na ofisi ya mawakili waliotusaidia naiacha pia bila jina, lakini huduma zote mbili nazieleza vile zilivyokuwa.

Mdogo wangu alinunua simu iliyotumika, simu ikatrakiwa, yaani ikafuatiliwa mpaka kwake, akabebwa kwa kosa la kupokea mali ya wizi. Asubuhi nikaenda na mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la mtaa, barua ina muhuri, mimi na shemeji tuna vitambulisho vya taifa, tuko tayari kuwa wadhamini. Kaunta hawana shida, afande wa zamu alituheshimu, akaandika majina yetu, akatuonyesha ofisi ya mpelelezi. Huko ndiko mambo yakaharibika. Mpelelezi kafungua faili, kalifunga, akasema bondi iko tayari ila kuna pesa ya faili, 150,000. Pesa ya faili ndiyo gani afande? Akasema ni karatasi, ni airtaimu, ni mafuta ya pikipiki ya kumfuata mlalamikaji. Na nyuma ya kichwa chake ukutani kuna tangazo, pembe moja imebanduka inaning'inia, limeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi kubwa kwamba bondi ya polisi ni bure. Sote tunaliona, hata yeye analiona kila siku akiingia.

Shemeji alishatoa simu anataka kutuma mobile money, na simlaumu, mtu wako amelala chini kwenye simenti usiku kucha unalipa tu utoke hapo, ndiyo maana hii kitu haiishi. Upande wa mpelelezi nyota sifuri, kaunta nawapa tatu.

Sasa mawakili. Hawa ni wa msaada wa sheria, hawachaji, ila lazima wajiridhishe kwamba kweli huna uwezo, wanakuuliza unafanya kazi gani, una watoto wangapi, unalipa kodi ya nyumba kiasi gani. Foleni ni ndefu, watu wa kazi wachache, simu ya ofisi ukipiga inalia tu haipokelewi, bora uende mwenyewe mapema kabla hawajafungua. Hilo ndilo lililowapunguzia nyota moja, nawapa nne.

Lakini yule dada wakili waliyetupatia, Mungu ambariki. Hakuja kwa fujo, alisalimia "afande habari za kazi", akakaa, akauliza taratibu kabisa: hiyo 150,000 inalipwa chini ya sheria gani, na risiti itatoka kwa jina la nani? Basi. Kisha akakumbusha kwamba Ibara ya 23 ya Katiba inasema masaa 48 mtu awe ameshafikishwa kortini, na hayo masaa yanakwenda. Mpelelezi akatuambia tusubiri nje. Tulikaa pale kwenye veranda mpaka jua likahama upande wa pili, halafu tukaitwa, tukasaini, mdogo wangu akatoka na karatasi yake ya bondi yenye tarehe ya kurudi kuripoti, na hakuna hata shilingi iliyotoka.

Hilo swali la risiti limenikaa kichwani nikaanza kusoma kesi za wenzetu. Kule Illinois, Marekani, kuna jamaa anaitwa Schilb, aliweka dola 75 za dhamana, kesi ilipokwisha akarudishiwa pungufu ya dola 7.50 eti gharama za uendeshaji. Dola saba na nusu tu! Akaipeleka hiyo ada mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, wakaamua mwaka 1971, na alishindwa, ada ikabaki. Lakini angalia, aliweza kupinga kwa sababu ada ilikuwa imeandikwa kwenye sheria, ina asilimia yake, majaji wakaitazama na wakatoa sababu zao. Hii yetu utaipingia wapi? Haina sheria, haina risiti, ukiuliza sana inakuwa haikuwahi kuombwa. Kwa hiyo pa kuipingia ni pale pale mezani, kabla mkono haujaingia mfukoni, na ukiweza uwe na shahidi. Wakikukatalia kabisa, malalamiko yapelekwe kwa PSU, kile kitengo cha polisi cha nidhamu, au kwa IGG, mkaguzi mkuu wa serikali anayeshughulikia rushwa.

Tena msichanganye na beili, dhamana ya korti. Ile hakimu anaweza kupanga keshi kweli, unalipa benki, unapata risiti, na kesi ikiisha pesa inarudi kama mshtakiwa alifika tarehe zote, kwa hiyo hiyo risiti ifiche kuliko hata kitambulisho. Bondi ya polisi haina hiyo keshi, wadhamini wanasaini tu, mtu asipotokea ndipo mnatafutwa.

Mkienda kwa hao mawakili wa msaada popote walipo, bebeni barua ya LC1, kopi za vitambulisho, jina la mpelelezi na namba ya faili, maana bila namba dada wa watu anapoteza nusu siku kuitafuta. Faili letu lilifungwa bila kufika kortini, mlalamikaji alirudishiwa simu yake, na mdogo wangu siku hizi hanunui simu bila risiti ya duka.